Diski na Vitalu Vyake Vibovu

Zamani karani alipotaka kuhifadhi habari aliziandika kwa wino katika daftari, kisha akaifungia daftari kabatini. Adui za daftari walijulikana na watu wote: mchwa, panya, moto na maji ya mvua. Siku hizi shule nyingi, hospitali, benki na ofisi huhifadhi habari zao ndani ya kompyuta, na katika kompyuta nyingi chombo cha kuhifadhia ni kile kiitwacho diski ngumu. Mchwa hawaili diski, wala wino wake haufutiki kwa mvua. Walakini diski nayo ina ugonjwa wake. Ugonjwa huo huanza kimya kimya, mahali padogo pasipoonekana kwa macho, nao waweza kupoteza kwa siku moja kazi ya miaka mingi.

Basi, yafaa kila mtu atumiaye kompyuta aujue ugonjwa huu, azijue dalili zake, na zaidi ya yote ajue ni jambo gani la kufanya kwanza. Maana dawa iliyotiwa kwa haraka yaweza kuangamiza habari ambazo ugonjwa wenyewe ulikuwa haujaziangamiza bado.

1. Jinsi diski ilivyo

Ndani ya sanduku la diski mna sahani moja au zaidi, za duara, zilizo laini kama kioo. Kila sahani imepakwa utando mwembamba sana wa madini yawezayo kushika nguvu ya sumaku. Sahani zote zimefungwa katika mhimili mmoja, nazo huzunguka kwa mbio nyingi. Diski nyingi huzunguka mara 5,400 au mara 7,200 kwa dakika. Na ile izungukayo mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa kila sekunde moja.

Juu ya uso wa sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia, kilichoshikwa na mkono mwembamba. Mkono huo hukipeleka kichwa ndani na nje, mpaka kifike juu ya mahali panapotakiwa. Diski ikiwa kazini kichwa hakigusi sahani. Huelea juu ya hewa isukumwayo na mwendo wa sahani yenyewe, na nafasi iliyopo kati yao ni ndogo mno, hata unywele mmoja wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Kwa hiyo chembe moja ya vumbi ikiingia hapo, ni kama jiwe kubwa lililolala katika njia ya gari liendalo mbio.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956, baada ya mafundi wake kuishughulikia katika mji wa San Jose. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na mtambo wote ulipata uzito wa tani moja na kuzidi. Pamoja na ukubwa huo iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Leo diski inayoenea katika kiganja cha mkono huhifadhi mara maelfu ya hizo. Faida yake ni kubwa, lakini hasara nayo imekua pamoja na faida: kadiri habari zinavyokaa nyingi mahali padogo, ndivyo doa dogo linavyoweza kufunika habari nyingi.

Habari huandikwa kwa sumaku. Katika utando wa sahani kuna sehemu ndogo ndogo zisizo na hesabu, na nguvu ya sumaku katika sehemu hizo hugeuzwa upande huu au upande huu. Kutokana na mageuzi hayo kompyuta husoma tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tarakimu moja ya namna hiyo huitwa biti, na biti nane hufanya baiti moja, ambayo yatosha kuandika herufi moja kama A au B.

Uso wa sahani haukuachwa vivi hivi kama pori. Umepimwa na kugawanywa, kama shamba kubwa linavyopimwa na kugawanywa vitalu, ili kila kitalu kiwe na namba yake na kipate kuonekana upesi. Kitalu kimoja cha diski za zamani huchukua baiti 512. Katika diski nyingi za sasa huchukua baiti 4,096. Diski ya terabaiti moja, yaani baiti milioni milioni moja, ina vitalu vya baiti 4,096 zaidi ya milioni 244. Kitalu kisichoweza kusomeka tena huitwa kitalu kibovu.

2. Kitalu huharibikaje?

Sababu ni nyingi, lakini zote zaweza kuwekwa katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni ubovu wa mwili, yaani mahali penyewe pa sahani pameumia. Labda utando ulikuwa na dosari tangu kiwandani. Labda diski iliangushwa au iligongwa ilipokuwa ikizunguka, kichwa kikakwaruza sahani. Labda chembe iliingia kati. Au diski imetumika miaka mingi, na vyombo vyake vimechakaa. Ubovu wa namna hii hauponi. Tena kichwa kinapokwaruza sahani hutoa unga, na unga huo huweza kukwaruza mahali pengine. Basi, jeraha moja huzaa jeraha la pili.

Fungu la pili ni ubovu wa maandishi. Hapa sahani ni nzima, lakini kilichoandikwa juu yake hakikukamilika. Umeme ukikatika ghafula katikati ya kuandika, kitalu chaweza kubaki nusu habari mpya na nusu habari ya zamani. Kitalu hicho hakitasomeka, ijapokuwa mahali pake hapana kidonda. Kikiandikwa upya hurudi kuwa chema.

Mafungu haya mawili hayatofautiani kwa mtu atazamaye kwa nje. Yote mawili huleta jibu moja tu katika kioo cha kompyuta: habari haisomeki. Kwa sababu hiyo mtu mwenye busara hakimbilii kusema, "Ni kitu kidogo tu."

3. Jinsi diski inavyosahihisha makosa

Huenda mwanafunzi akauliza: Diski yajuaje kwamba ilichokisoma si sawa? Haina akili ya kujua kwamba neno "mwalimu" limegeuka kuwa "mwalinu". Jibu lake ni hesabu.

Tazama mfano huu. Mtu ameandika tarakimu nne katika mstari, na mwisho wa mstari akaandika jumla yake:

7, 4, 9, 5, jumla 25.

Tone la maji likaanguka juu ya tarakimu ya tatu, ikafutika. Je, imepotea? La. Zilizobaki ni 7, 4 na 5, ambazo jumla yake ni 16. Toa 16 katika 25, utapata 9. Tarakimu iliyofutika imerudi, ijapokuwa hakuna mtu aliyeikariri.

Lakini matone mawili yakianguka, yakafuta tarakimu ya pili na ya tatu, mambo ni mengine. Zilizobaki ni 7 na 5, yaani 12. Kwa hiyo mbili zilizofutika zilifanya 13. Zilikuwa 4 na 9? Au 6 na 7? Au 8 na 5? Hakuna ajuaye. Jumla yaonyesha kwamba hasara ipo, lakini haitoshi kuirudisha.

Diski hufanya vivyo hivyo, ila kwa hesabu ngumu kuliko hizi. Kila inapoandika kitalu, huandika pia alama za kusahihishia zilizotokana na habari za kitalu hicho. Inapokisoma, hulinganisha habari na alama. Makosa yakiwa machache, huyasahihisha yenyewe, na mwenye kompyuta hajui kwamba palikuwa na kosa. Kazi hiyo hufanyika kila siku, hata katika diski nzima, maana maandishi yamebanwa mno hata kusoma bila kosa lo lote hakuwezekani.

Mmoja wa watu waliofungua njia ya elimu hii ni Mmarekani Richard Hamming, aliyekuwa mtaalamu wa hesabu katika maabara za Bell Telephone. Baada ya mwaka 1945 aliruhusiwa kutumia mtambo mmoja wa kuhesabu katika siku za mwisho wa juma. Mtambo ule uliweza kutambua kosa, lakini ukilitambua uliiacha kazi hiyo na kushika nyingine. Naye alirudi Jumatatu akakuta kazi yake haikufanyika. Akafikiri kwamba mtambo uwezao kujua kuwa kosa lipo ungeweza pia kufundishwa kujua mahali lilipo, na kulisahihisha. Mwaka 1950 alitangaza njia yake kwa maandishi. Tangu hapo wataalamu wengine wamezidi kuitengeneza elimu hiyo, na pasipo elimu hiyo diski za leo zisingeweza kufanya kazi.

4. Diski hukataa kutoa habari ya uongo

Ikiwa makosa katika kitalu yamezidi nguvu ya alama, diski haikati tamaa mara moja. Hungoja sahani izunguke tena, ikasoma mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi, ikikisogeza kichwa kidogo huku na huku. Labda safari moja itafaulu. Kwa nje mtumiaji huona kwamba kompyuta imesimama kama iliyopigwa na bumbuwazi, au faili moja yachukua dakika nyingi kufunguka, na penginepo husikia diski ikigonga: ta, ta, ta.

Ikishindwa kabisa, diski hutoa jibu kwamba kitalu hakisomeki. Watu wengi hukasirika wanapoona jibu hilo. Walakini ni jibu la kweli. Diski ingaliweza kukisia ikatoa chochote kilichokaribia. Kama kitalu kile kina hesabu ya dawa ya mgonjwa, au alama za mtihani za mtoto, ni afadhali nini: kuambiwa "sijui," au kupewa hesabu ya uongo yenye sura ya kweli? Shahidi asemaye "sikuona" ni bora kuliko shahidi abuniye.

Ndani ya diski mna mtambo mdogo uiongozao, nao huweka orodha ya vitalu vilivyokataa kusomeka. Tena kila diski hutoka kiwandani ikiwa na vitalu vya akiba, ambavyo havihesabiwi katika ukubwa ulioandikwa juu yake. Kitalu kikiharibika, mtambo ule huweza kukiacha na kuipa namba yake kitalu cha akiba, kama mchezaji wa akiba anavyoingia uwanjani badala ya aliyeumia.

Lakini hapa pana jambo ambalo msomaji yampasa kulishika sana. Diski haibadilishi kitalu kibovu mara tu ikishindwa kukisoma. Hukiweka katika orodha ya vitalu vinavyongojea. Hungoja nini? Hungoja siku ambayo huenda kitasomeka, au siku ambayo kompyuta itaandika habari mpya juu yake. Siku ya kuandikwa ndipo diski hukijaribu: kikishika maandishi vizuri, hukirudisha kazini, kikikataa, huleta cha akiba. Kwa njia zote mbili kosa limekwisha, lakini habari za zamani zimekwenda na hazirudi. Kuandika juu ya kitalu kibovu huponya diski, bali huua habari.

5. Dalili, na maana yake

Diski nyingi huandika taarifa za afya yao, ziitwazo SMART. Programu kama smartctl huweza kuzisoma na kuzionyesha. Katika diski nyingi hesabu namba 5 ni idadi ya vitalu vilivyokwisha kubadilishwa, na hesabu namba 197 ni idadi ya vitalu vinavyongojea. Zikiwa sifuri, ni vema. Zikiwa si sifuri, diski imekwisha kuanza kuumia. Zikiongezeka kutoka juma hata juma, jeraha lakua.

Hesabu namba 199 nayo yafaa itazamwe. Hiyo huhesabu makosa yaliyotokea njiani, kati ya diski na kompyuta. Ikiongezeka, na hizo nyingine zikikaa sifuri, huenda diski ni nzima na waya wake ndio mbovu au umelegea. Ni heri kubadili waya kabla ya kuihukumu diski.

Je, diski iliyoonyesha kosa moja itakufa? Mwaka 2007 wataalamu watatu wa kampuni ya Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walitangaza habari za diski zaidi ya 100,000 walizozichunguza. Waliona kwamba diski iliyopatikana na kosa la kwanza katika ukaguzi wa uso wake ilikuwa katika hatari ya kufa ndani ya siku 60, mara 39 kuliko diski isiyo na kosa hilo. Si kila diski yenye kosa ilikufa upesi. Lakini aliyepata onyo la namna hiyo asilale.

Waliona jambo la pili pia, nalo latisha zaidi. Katika diski zilizokufa, zaidi ya nusu hazikuonyesha kwanza hata moja ya dalili nne zilizo kubwa. Zilikufa bila kuugua. Kwa hiyo dalili ikitokea ni onyo la kweli, lakini kukosekana kwa dalili si ahadi ya uzima.

6. Makarani wawili

Fikiri habari za makarani wawili katika shule mbili. Kila mmoja ana diski ya gigabaiti 500, na ndani yake mna majina na alama za wanafunzi wa miaka saba. Katika kila diski vitalu 200 vimekuwa vibovu.

Karani wa kwanza alipoona kosa alisema, "Nitaitengeneza." Akaanzisha programu ya kutengeneza diski, akaiacha ikifanya kazi usiku kucha. Programu ile ikaanza kusoma diski yote, huku ikiandika mabadiliko yake juu ya diski ile ile iliyo mgonjwa. Vichwa vikaenda na kurudi juu ya majeraha maelfu ya mara. Ilipokuta orodha ya faili imekatika, iliondoa majina ambayo haikuyaelewa. Usiku wa manane kichwa kimoja kikakwama. Asubuhi diski haikuzunguka tena, wala hapakuwa na nakala mahali pengine. Aliyemaliza shule miaka mitano iliyopita akija kutaka cheti cha alama zake, karani hana la kumjibu.

Karani wa pili alipoona kosa lile lile aliacha kuandika chochote katika diski ile. Akazima kompyuta, akatafuta diski nyingine nzima, yenye ukubwa usiopungua ule wa kwanza. Kisha akanakili diski mbovu yote, kitalu kwa kitalu, mpaka diski nzima. Vitalu 200 havikusomeka. Vitalu hivyo ni baiti 819,200 tu katika baiti milioni 500,000, wala havifiki fungu moja katika mafungu laki sita. Baadaye aliianzisha programu ya kutengeneza, lakini juu ya nakala. Kama programu ingekosea, angeweza kunakili tena.

Ugonjwa wa diski zile ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa katika utaratibu: wa kwanza alitengeneza kabla ya kuokoa, wa pili aliokoa kabla ya kutengeneza.

7. Jinsi ya kunakili diski mgonjwa

Njia ya kawaida ya kunakili haifai kwa diski mgonjwa, kwa sababu ikikutana na kitalu kibovu husimama, au hukizunguka kitalu hicho kwa muda mrefu huku diski ikizidi kuchoka. Kuna programu zilizoandikwa kwa kazi hii hasa. Moja yajulikana sana, jina lake ddrescue. Iliandikwa na Antonio Diaz Diaz, ni moja ya programu za mradi wa GNU, nayo hutolewa bure.

Hekima yake ni ya mtu aokoaye vitu katika nyumba inayoungua. Hachukui saa nzima kung'oa msumari mmoja ukutani. Kwanza hutoa vile vilivyo karibu na vyepesi, ndipo hurudi kwa vigumu. Vivyo hivyo programu hii kwanza hunakili sehemu zote zinazosomeka bila taabu, na ikikuta mahali pabovu hupapita upesi na kwenda mbele. Habari nyingi zikiisha kuwa salama, hurudi katika mahali palipoachwa, ikakaribia jeraha kutoka pande zake mbili, ikichuma kinachochumika. Mwisho hujaribu tena vile vilivyokataa, kama mwenye kazi akitaka.

Wakati huo wote huandika ramani ionyeshayo vitalu vilivyookolewa na visivyookolewa. Kwa ajili ya ramani hiyo, umeme ukikatika au diski ikihitaji kupumzika, kazi huendelea kutoka ilipoachwa, wala haianzi mwanzo. Asiyeandika ramani hii amejinyima msaada mkubwa.

Mwenye kunakili na ajihadhari na jambo moja: asome mara mbili jina la diski itoayo habari na jina la diski izipokeayo. Akiyageuza, ataandika utupu juu ya hazina yake.

8. Mambo ya kuepukwa

Usifungue sanduku la diski ili kutazama kilichomo. Mafundi wa kuokoa habari hulifungua katika chumba ambacho hewa yake imechujwa. Katika chumba cha kawaida vumbi litaingia mara moja.

Usiitie diski katika barafu. Dawa hiyo imesimuliwa na wengi, lakini kitu cha baridi kikitolewa katika hewa ya joto hutokwa na jasho la maji, na maji juu ya sahani ni msiba.

Usiipige wala kuitikisa. Diski inapotoa sauti ya kukwaruza, au inagonga bila kukoma, izime. Kila mzunguko waongeza jeraha. Ikiwa habari zake ni za thamani kubwa, ipelekwe kwa fundi wa kuokoa habari kabla ya mtu mwingine kuijaribu.

Usiiamini tena diski iliyoponywa kwa kuandikwa upya. Nakala ikiisha kuthibitishwa kuwa njema, mtu aweza kuiandika diski ya zamani sifuri tupu kutoka mwanzo hata mwisho, kisha atazame taarifa zake. Kama hesabu za vitalu vibovu zimetulia, diski yaweza kutumika kwa kazi isiyo na thamani. Kama zaongezeka, kazi yake imekwisha.

9. Kinga

Diski zisizo na sahani, zile zihifadhizo habari kwa umeme ndani ya vijiwe vidogo, zimeenea sana siku hizi. Hizo hazina vichwa vya kukwaruza, walakini sehemu zake nazo huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, nazo huweza kufa ghafula. Kwa hiyo kinga ni moja kwa namna zote.

Kinga hiyo ni nakala. Kitu cha thamani kisikae mahali pamoja tu. Kiwepo katika chombo cha kazi, kiwepo katika chombo cha pili, na nakala moja ikae katika nyumba nyingine, ili moto au mwizi asichukue zote pamoja.

Tena nakala isomwe mara kwa mara. Kitalu huweza kuharibika katika faili ambayo haijafunguliwa kwa miaka mitatu, na kwa kuwa hakuna aliyeisoma, hakuna ajuaye. Mkulima mwenye akili hangoji siku ya njaa ndipo afungue ghala kutazama kama wadudu wameingia. Hufungua mapema, wakati bado anaweza kupata mbegu nyingine.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa diski mithali hii ina nyongeza yake: kabla ya kuziba ufa, toa kwanza vilivyomo ndani ya nyumba.

Maswali

1. Kwa nini chembe ya vumbi ni hatari ndani ya diski?
2. Eleza mafungu mawili ya ubovu wa kitalu. Ni lipi liwezalo kupona?
3. Mstari una tarakimu 8, 3, 6 na moja iliyofutika. Jumla yake ni 19. Tarakimu iliyofutika ni ipi? Kama zingefutika mbili, ingewezekana kuzijua?
4. Kwa nini diski haibadilishi kitalu kibovu mara tu inaposhindwa kukisoma?
5. Karani wa kwanza alikosea nini? Karani wa pili alitangulia kufanya nini?
6. Diski ambayo haijaonyesha dalili yo yote, je, yahitaji nakala? Toa sababu.